Meya Aliyefukuzwa Mara Mbili

Tarehe 6 Oktoba 1945, mzee wa miaka 69 aliitwa mbele ya maafisa wa jeshi la Uingereza mjini Köln, magharibi mwa Ujerumani. Alipoingia aliwakuta wamekaa. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya baadaye, alinyoosha mkono kuvuta kiti, na Brigedia John Barraclough akamwambia asimame. Ikasomwa barua. Ilisema hajatimiza wajibu wake kwa watu wa Köln: kifusi hakijazolewa ipasavyo, majengo hayajakarabatiwa, maandalizi ya baridi yanasuasua. Kuanzia siku hiyo si meya tena. Asijiingize kwenye siasa, iwe waziwazi au kwa kificho. Na ifikapo tarehe 14 awe ameshaondoka mjini. Akaulizwa kama ana la kusema. Akasema hana. Akatia saini kwamba ameipokea, akatoka.

Mzee huyo alikuwa Konrad Adenauer. Haikupita hata miaka minne, akawa Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, na akakikalia kiti hicho hadi 1963. Ndiyo sababu kisa hiki husimuliwa kama kichekesho: Waingereza wamemfukuza kazi kwa uzembe mtu aliyekuja kuijenga upya nchi nzima. Kuchekesha kinachekesha, ila kicheko kinafunika swali ambalo mtu wa kwetu angeliuliza kabla ya yote. Meya aliyewekwa na jeshi la kigeni ni mtumishi wa nani? Akiambiwa fanya hivi na yeye anaona si sawa, ana nguvu gani ya kukataa?

Kisa cha Adenauer kinafaa kulichambua swali hilo kuliko visa vingine ninavyovijua, kwa sababu moja ya ajabu. Aliongoza mji uleule, chini ya jeshi lilelile la Uingereza, mara mbili. Mara ya kwanza ilidumu miaka saba na ushee, na wakaagana vizuri. Mara ya pili ilidumu miezi mitatu na nusu.

Mara ya kwanza

Adenauer alizaliwa Köln mwaka 1876 na akachaguliwa meya mkuu mwaka 1917, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia bado vinarindima. Ujerumani ilipokubali kusitisha mapigano Novemba 1918, masharti yalikuwa kwamba majeshi ya washindi yaingie maeneo ya Mto Rhine. Desemba hiyo Waingereza wakaingia Köln, wakakaa hadi mwisho wa Januari 1926.

Hapa kuna jambo la kisheria linalopitwa haraka na wengi. Ukaliaji wa 1918 ulitokana na mkataba. Serikali ya Ujerumani ilikuwepo Berlin, sheria za Ujerumani ziliendelea kufanya kazi, mahakama zilikuwa wazi, na meya alikuwa amechaguliwa na baraza la mji kabla ya mwanajeshi yeyote wa kigeni kufika. Gavana wa kijeshi alikaa juu ya mfumo huo, hakuufuta. Aliweza kutoa amri kuhusu usalama, malazi ya askari na magazeti, lakini Adenauer alipoingia ofisini kwake alikuwa na baraza nyuma yake, na nyuma ya baraza kulikuwa na dola. Hata wakikorofishana, ilikuwa ni pande mbili zinazozungumza.

Naye alijua kuzungumza. Mwaka 1923, Wafaransa na Wabelgiji walipoingia bonde la Ruhr kukamata makaa ya mawe kwa sababu ya deni la fidia ya vita, Waingereza walikataa kushiriki, na eneo lao la Köln likabaki na unafuu ambao majirani hawakuupata. Meya aliitumia nafasi hiyo. Chuo Kikuu cha Köln kilifunguliwa upya 1919, uwanja wa michezo wa Müngersdorf ukazinduliwa 1923, na viwanja vya maonesho ya biashara vya Deutz vikafuata 1924. Usiku Waingereza walipoondoka, Adenauer alihutubia umati mbele ya kanisa kuu, akakiri hadharani kwamba pamoja na machungu yote ya miaka ile, aliyeondoka alikuwa amecheza mchezo wa haki. Si kila mtu mahali pale alipenda kusikia hivyo.

Katika kazi zake zote za miaka hiyo kuna moja ya kuikumbuka, maana itarudi kumsumbua. Köln ilikuwa mji wa ngome, umezungukwa na pete za maboma. Mkataba wa Versailles, ule wa amani wa 1919, uliamuru yabomolewe. Adenauer aliona ardhi hiyo inaachwa wazi, akamwita mpangaji miji Fritz Schumacher kutoka Hamburg, na pale palipokuwa na mizinga pakapandwa miti. Huo ndio ukanda wa kijani unaouzunguka mji wa Köln hadi leo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna nukta ya pembeni hapa. Mkataba huohuo wa Versailles ndio uliowanyang'anya Wajerumani Tanganyika. Kwa hiyo katika miaka ileile maafisa wa Kiingereza walikuwa wakitawala kupitia meya mmoja kule Köln, na kupitia maliwali, maakida na machifu huku kwetu, mpaka Gavana Donald Cameron alipoufanya utawala wa kupitia wenyeji kuwa sera kamili kuanzia 1925. Wala tusimpake Adenauer mafuta: kati ya 1931 na 1933 alikuwa makamu wa rais wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, chama kilichodai makoloni yarudishwe. Aliyejua jinsi inavyouma kutawaliwa na jeshi la wengine hakuona shida kutaka kutawala kwa wengine.

Kati ya vita viwili

Miaka ya Wanazi nitaipitia haraka. Februari 1933 Hitler alikwenda Köln kwa kampeni, na Adenauer hakwenda kumpokea uwanja wa ndege. Bendera za swastika zilizotundikwa kwenye daraja la mji akaamuru ziteremshwe. Mwezi uliofuata akafukuzwa. Hapo ndipo alipofukuzwa mara ya kwanza. Alijificha karibu mwaka mzima katika monasteri ya Maria Laach, baadaye akajenga nyumba kijijini Rhöndorf, ng'ambo ya Rhine, akakaa kama mstaafu anayelima maua.

Agosti 1944, baada ya jaribio la kumuua Hitler, alikamatwa. Kambi alikofungiwa ilikuwa kwenye viwanja vya maonesho vya Deutz, vilevile alivyovizindua akiwa meya. Akatoroka kupitia hospitali. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata mkewe, Gussie, wakambana hadi akasema mumewe alipo, na yule mama hakupata kupona jeraha la jambo hilo. Alijaribu kujiua akiwa kifungoni. Adenauer aliachiwa mwishoni mwa Novemba. Gussie alifariki Machi 1948.

Kwa hiyo Waamerika walipoikamata Köln ya upande wa magharibi tarehe 6 Machi 1945, walikuwa tayari na jina mfukoni. Waliingia Ujerumani na orodha ya watu waliodhaniwa kutochafuka na Unazi, na Adenauer alikuwa miongoni mwa wa juu kabisa. Walimfuata Rhöndorf mwezi huohuo.

Alichowajibu kinaeleza mengi. Alikubali kusaidia kama mshauri, akaomba asitangazwe meya kwa sasa. Wanawe walikuwa bado askari katika jeshi la Ujerumani, na vita vilikuwa havijaisha. Mtu angeweza kudhani ni visingizio vya mzee mwoga, kama si yaliyotokea Aachen, mji wa jirani upande wa magharibi. Aachen ulikuwa mji mkubwa wa kwanza wa Ujerumani kuangukia mikononi mwa Waamerika, Oktoba 1944. Walimteua wakili Franz Oppenhoff kuwa meya, wakajaribu kuficha jina lake ili ndugu zake waliobaki upande wa Wanazi wasidhurike. Halikufichika. Tarehe 25 Machi 1945 kikosi kidogo kilichorushwa kwa miavuli nyuma ya mstari wa vita kilimfuata hadi nyumbani kwake na kumpiga risasi.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la msimamizi wa kienyeji chini ya jeshi la kigeni: kwa aliyemteua yeye ni mtu safi, na kwa anayemwinda ni msaliti, kwa kazi ileile na siku ileile. Adenauer alisubiri. Tarehe 4 Mei, Hitler akiwa ameshakufa na siku chache kabla ya Ujerumani kusalimu amri, ndipo akawa meya rasmi.

Mji wenyewe ulikuwaje

Kabla ya vita Köln ilikuwa na watu zaidi ya 760,000. Waamerika walipoingia, walikuta kama 40,000 hivi upande wa magharibi wa mto, wengine wakiishi kwenye mahandaki. Mji ulikuwa umepigwa kwa ndege zaidi ya mara 200, ikiwemo usiku wa Mei 1942 Waingereza walipotuma ndege elfu moja kwa mpigo. Madaraja yote ya Rhine yalikuwa yamelala majini. La mwisho, Hohenzollern, lililipuliwa na Wajerumani wenyewe siku ileile Waamerika walipoingia. Kanisa kuu lilikuwa limesimama katikati ya kifusi, limetoboka huku na huku.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini jeshi linahitaji meya. Jeshi linaweza kuukamata mji kwa siku moja. Haliwezi kujua bomba la maji linapita wapi, fundi wa mtambo wa gesi yuko kijiji gani, karani gani anajua daftari la wakazi lilipofichwa. Luteni Kanali mwenye wasaidizi wachache hawezi kugawa kadi za chakula kwa watu ambao kila siku wanarudi kwa maelfu, na Köln watu walirudi bila kumwuliza mtu, wakisukuma mikokoteni. Jeshi linahitaji mtu ambaye akisema neno mtaani, wenyeji watalifuata, na wakikasirika wamkasirikie yeye kwanza.

Meya naye anahitaji jeshi. Lori, petroli, saruji, kibali cha kuvuka mto, vyote vilikuwa mikononi mwa wenye sare. Moja ya hatua za mwanzo za Adenauer ilikuwa kutuma mabasi hadi kambi za Wanazi za Buchenwald, Dachau na Theresienstadt kuwachukua watu wa Köln waliosalimika kwenye kambi hizo. Fikiria jambo hilo kwa karibu. Mji hauna maji, hauna daraja, barabara hazipitiki, na mtu anatafuta mabasi ya kwenda mamia ya kilomita kuleta wafungwa nyumbani. Ni uamuzi wa meya kwa asilimia mia, lakini pasipo ruhusa ya jeshi hakuna gurudumu ambalo lingezunguka.

Na Waamerika alipatana nao. Walimwachia nafasi, naye akawaheshimu. Wengine husema ni kwa sababu Waamerika walikuwa wakarimu. Naona jibu ni jepesi zaidi: walijua wanaondoka. Mipaka ya maeneo ya ukaliaji ilishapangwa London tangu 1944, na Köln ilikuwa ya Waingereza. Waamerika walifika kwanza kwa sababu tu vita viliwapeleka huko. Mgeni anayejua kesho anafunga safari hagombani na mwenyeji kuhusu kuni.

Waingereza wanarudi

Tarehe 21 Juni 1945 wakabadilishana. Adenauer akajikuta tena na jeshi alilolijua, na nadhani hapo ndipo alipojikwaa. Alilichukulia kama lile la 1918.

Lakini msingi ulikuwa umebadilika chini ya miguu yake. Tarehe 5 Juni 1945 mataifa manne washindi yalitangaza mjini Berlin kwamba yamejitwalia mamlaka yote ya juu ya Ujerumani, kuanzia ya serikali kuu hadi ya mitaa. Hapakuwa na serikali ya kukatia rufaa. Hapakuwa na baraza lililochaguliwa. Hata baraza la mji lililokutana mwanzoni mwa Oktoba lilikuwa la kuteuliwa. Mamlaka yote ya meya yalitoka kwenye karatasi moja iliyosainiwa na afisa, na karatasi nyingine ya aina hiyo ingetosha kuyafuta. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mwaka 1918 Adenauer alipanda farasi wawili akatulia kwa sababu mmoja alikuwa wake. Mwaka 1945 wote wawili walikuwa wa watu.

Halafu kukaja suala la makaa ya mawe.

Eneo la Waingereza lilikuwa na bonde la Ruhr, hazina kubwa ya makaa Ulaya Magharibi. Lakini Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi zilikuwa zimevunjwa na Wajerumani, na Washirika, yaani mataifa yaliyoishinda Ujerumani, waliamua kwamba makaa ya Ruhr yaende huko kwanza. Uingereza yenyewe ilikuwa hoi: mkate, ambao haukugawiwa kwa kadi vita vyote, uliwekwa kwenye mgao Julai 1946. Kwa hiyo raia wa Köln, aliyekaa mwendo mfupi tu kutoka migodini, aliambiwa majira ya baridi yanakuja na makaa ya kupashia nyumba hayapo. Waingereza walikuwa na jibu: kateni miti. Mji una ukanda mzima wa miti.

Adenauer akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kuni hizo zingewaka kwa muda mfupi na mji ungebaki mtupu kwa kizazi, na kwamba dawa ni kutoa makaa. Kitaalamu hoja ilikuwa na nguvu. Lakini anayeitoa ni nani, na anamwambia nani? Ni mzee anayetetea miti aliyoipanda mwenyewe chini ya ukaliaji wa kwanza, akimwambia ofisa wa ukaliaji wa pili kwamba sera ya serikali yake ni mbaya. Barraclough hakuwa na uwezo wa kubadili sera ya makaa hata kama angetaka. Alikuwa na uwezo wa kubadili meya.

Sababu tatu na ile ninayoiamini

Tangu hapo wanahistoria wamekuwa wakivutana kuhusu kilichomfukuzisha hasa.

Maelezo rasmi ni kifusi. Inafahamika kwamba Jenerali Gerald Templer, aliyekuwa akisimamia utawala wa kijeshi katika eneo la Waingereza na ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa vita dhidi ya waasi katika koloni la Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, alitembelea Köln akachukizwa na hali aliyoiona. Miji mingine, kwa macho ya wanajeshi, ilikuwa imesonga mbele. Templer aliendelea kutambulika maisha yake yote kama mtu aliyemfukuza Adenauer. Lakini kupima mji uliobomolewa kiasi kile kwa wingi wa matofali yaliyozolewa katika miezi michache ni mzani wa kambi ya jeshi, ambapo uwanja ukiwa mchafu sajenti anaadhibiwa.

Maelezo ya pili ni ya Adenauer mwenyewe: siasa. Julai 1945 chama cha Labour, cha mrengo wa kushoto, kilishinda uchaguzi Uingereza. Wasoshalisti wa Köln, wa chama cha SPD, hawakumpenda meya huyu Mkatoliki mhafidhina, na yeye aliamini kwamba manung'uniko yao yalipata masikio mapya. Hakuna aliyeonyesha amri iliyotoka London, na maafisa wenyewe walikana.

La tatu ni mdomo wake. Siku hizohizo alizungumza na waandishi wa habari wa kigeni. Aliilalamikia sera ya makaa, akagusa pia mustakabali wa maeneo ya Rhine, jambo ambalo Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, alikuwa na mipango yake nalo na Waingereza walikuwa na wivu nalo. Alikuwa pia na mawasiliano na maafisa wa Kifaransa. Machoni mwa jeshi lililompa kazi, meya wa manispaa alikuwa anaendesha sera ya mambo ya nje.

Ukiniuliza, nitasema yote matatu ni jambo moja lililovaa mavazi matatu. Kifusi kilikuwa kisingizio kilichoandikika. Wasoshalisti walikuwa kelele za pembeni. Kilichowaudhi Waingereza ni kwamba mtu waliyemweka alikuwa akisema kama mtu aliyechaguliwa. Na yeye hakujua kusema namna nyingine, kwani miaka 16 ya umeya kabla ya Wanazi ilimfundisha hivyo.

Hapo kuna tofauti nyingine ya mila ambayo msomaji wa Tanzania au Kenya ataielewa haraka kuliko Mmarekani. Kwa Wajerumani wa Rhine, meya mkuu alikuwa kila kitu: mwanasiasa, mwenyekiti wa baraza, na bosi wa watumishi wote wa mji. Kwa Waingereza meya ni mtu wa kuvaa mkufu na kufungua maonesho. Kazi inafanywa na karani wa jiji. Kenya ilikuwa na meya na karani wa jiji wa mtindo huo hadi kaunti zilipokuja. Tanzania hadi leo madiwani wanachagua meya, lakini watumishi na fedha viko kwa mkurugenzi. Barraclough alipomtazama Adenauer aliona mtu aliyeshika kofia mbili. Aprili 1946 Waingereza walileta sheria mpya ya serikali za mitaa katika eneo lao, wakazitenganisha kofia hizo. Mfumo huo ulidumu katika jimbo la North Rhine-Westphalia, iliko Köln, hadi miaka ya 1990, ndipo Wajerumani wakarudia wao.

Na nani alishika kiti mara tu baada ya Adenauer kutimuliwa? Kwa muda mfupi, Willi Suth, mume wa dada yake. Novemba akaja Hermann Pünder. Kofia zilipotenganishwa 1946, Suth akawa mkurugenzi wa mji, akakaa hadi 1953. Brigedia alimwondoa mzee, ukoo ukabaki.

Faida ya kufukuzwa

Adenauer alirudi Rhöndorf. Gussie alikuwa amelazwa hospitali Köln, na mume ambaye alipigwa marufuku kukanyaga mji wake alilazimika kupewa ruhusa maalum ya kwenda kumwona. Katika barua nzima ya Barraclough, hilo ndilo lililomchoma zaidi, na sioni kama aliwahi kuwasamehe.

Lakini katazo la siasa halikudumu. Lililegezwa, na kufikia Desemba 1945 likaondolewa kabisa. Afisa mmoja kijana, Noel Annan, ambaye baadaye alikuwa msomi mashuhuri kwao, alikwenda kumwona na kumwomba radhi kwa jinsi alivyotendewa. Januari 1946 viongozi wa chama kipya cha CDU walikutana Herford. Kiti cha mwenyekiti kikiwa wazi, Adenauer, aliyetimiza miaka 70 mwezi huohuo, alikikalia kwa hoja kwamba yeye ndiye mkubwa kwa umri. Hakukiachia tena.

Sasa piga hesabu. Kama Barraclough asingemfukuza, Adenauer angekuwa meya wa Köln katika baridi mbili zilizofuata. Ile ya 1946 kuelekea 1947 ilikuwa ya kutisha. Usiku wa kuamkia 1947 Kardinali Josef Frings alihubiri Köln kwamba mtu mwenye dhiki anaweza kuchukua kinachohitajika kulinda uhai na afya yake ikiwa hawezi kukipata kwa njia nyingine. Watu walimwelewa vizuri sana: walipanda treni za makaa na kujichotea. Kijerumani kikapata kitenzi kipya, "fringsen", yaani kuiba kwa baraka za kardinali. Ghadhabu ya watu waliotetemeka kwa baridi wakati ule iliwaangukia waliokuwa ofisini. Adenauer alikuwa nje, akizunguka mikutanoni kujenga chama, na kila aliyemwuliza alijua kwamba huyu aliwaambia Waingereza kuhusu makaa wakamtoa.

Hati ile ya kumfukuza ilikuwa pia cheti. Mwanasiasa wa Kijerumani wa miaka hiyo alihitaji kuwa safi mbele ya Washirika na wakati huohuo asionekane kibaraka wao. Wachache walikuwa na karatasi mbili: Wanazi wamemfukuza, na Waingereza wamemfukuza. Hata hivyo, kinga hiyo ilikuwa na kikomo. Novemba 1949, bungeni Bonn, kiongozi wa SPD Kurt Schumacher, ambaye Wanazi walimfunga kambini kwa miaka mingi, alimpigia kelele Adenauer kwamba yeye ni Kansela wa Washirika. Akafungiwa vikao kwa neno hilo. Tuhuma iliyomfuata Oppenhoff mpaka mlangoni kwake ilikuwa bado hai, ila sasa inarushwa kwa maneno.

Wakati huo Adenauer alikuwa Kansela kwa miezi miwili. Alichaguliwa tarehe 15 Septemba 1949 kwa wingi wa kura moja, na yake mwenyewe ilikuwamo. Siku sita baadaye alipanda mlima Petersberg, ulio jirani kabisa na Rhöndorf, kwenda kupokea sheria iliyoeleza nguvu zipi zitabaki kwa Washirika. Makamishna wao watatu walisimama juu ya zulia. Itifaki ilitaka Mjerumani asimame nje yake mpaka hafla imalizike. Mfaransa André François-Poncet alipopiga hatua kumsalimu, Adenauer naye akasogea, akasimama zuliani pamoja nao, akatulia hapo. Hakuna aliyemwambia arudi nyuma. Mmoja wa wale watatu, Jenerali Brian Robertson, alikuwa naibu gavana wa kijeshi wa eneo la Waingereza katika ile Oktoba ambayo mzee huyu alinyimwa kiti.